Lita Elfu Kumi na Nane

"Nani aliandika elfu kumi na nane?"

Mzee aliuliza kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu karani wa mapokezi akamwonyesha benchi. Hakukaa. Alibaki amesimama mbele ya kaunta, mkononi daftari la shule lililofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli.

Gatakaa alikuwa akipita na kikombe chake cha chai. Angeweza kuendelea na safari. Katika miaka kumi na mmoja aliyofanya kazi kwenye kile kituo cha takwimu za maji mjini Isiolo, watu wa kaunta hawakuwa wake. Zake zilikuwa tarakimu, nazo hazibishi hodi. Lakini kitu katika ile namba kilimgandisha pale pale.

"Elfu kumi na nane gani, mzee?"

"Salaam aleikum kwanza."

"Aleikum salaam."

"Mimi naitwa Dadacha. Nachunga kisima ya Kambi Dima, mbele ya Ngaremara. Kila asubuhi nasoma mita, natuma kwa simu. Simu inaniambia asante. Tangu mwezi wa pili maji imeshuka. Nimetuma elfu saba. Nimetuma elfu sita. Sasa ni elfu mbili. Lakini nyinyi mmeambia kamati yetu Dadacha anatoa lita elfu kumi na nane, kila siku." Akaligonga daftari kwa kidole. "Kamati inauliza, kama inatoka kumi na nane na sisi tunaona mbili, hiyo ingine inaenda wapi?"

"Nao wanasema inaenda wapi?"

"Wanasema nauzia malori ya mchanga. Wamechukua ufunguo ya pampu. Mwezi mzima sasa. Mita iko nje, bado nasoma."

Gatakaa alimpandisha hadi ofisini. Cheo chake, mhandisi mkuu wa data, kiliandikwa kwenye kibao kirefu kuliko dirisha la chumba chenyewe. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba namba kutoka visima mia moja na arobaini zinafika, zinasafishwa, na kuingia kwenye ramani ambayo wakubwa huitazama kabla ya kupeleka malori ya maji au mtambo wa kuchimba. Hakuwa amewahi kuketi na hata mmoja wa wale wanaozituma.

Mzee aliinama mbele ya skrini, ambapo Gatakaa alikuwa amefungua ramani na kumwonyesha nukta moja.

"Sisi ni hii?"

"Ndiyo."

"Mbona kijani?"

Kijani maana yake maji yanatosha. Gatakaa alifungua ghala la nyuma, mahali ambapo kila ujumbe huhifadhiwa jinsi ulivyofika kabla ya kuguswa na yeyote, akamwomba namba yake ya simu. Jumbe zikashuka kwenye skrini, moja kwa kila siku, hakuna siku iliyorukwa. Dadacha akafungua daftari.

"Tarehe tisa, mwezi wa tatu," akasoma. "Elfu sita mia nne."

"Elfu sita mia nne," Gatakaa akasoma kwenye skrini.

"Tarehe kumi. Elfu sita mia mbili."

"Elfu sita mia mbili."

Walisoma hivyo namba za siku ishirini. Gatakaa alikuwa ameridhika baada ya tatu, lakini kila aliposita mzee alimwambia, "Endelea," naye akaendelea. Chai ilipoa. Kando ya kila ujumbe palikuwa na alama ndogo nyekundu inayosema *batili*, na Gatakaa aliijua alama ile kama mtu anavyoujua mwandiko wake.

Miaka miwili nyuma, mtunzaji mmoja wa kisima alisahau sifuri, na malori yakapelekwa mahali palipojaa maji. Siku ile ile Gatakaa aliandika kanuni ya mistari tisa. Takwimu yoyote iliyo chini ya nusu ya kawaida ya kisima ihesabiwe kuwa kosa la mkono. Iwekwe kando, na ile ya mwisho iliyokubalika irudiwe. Kanuni ilisifiwa mkutanoni. Ramani ilitulia. Ambacho hakukifikiria ni kisima kinachoshuka ghafla kisha kikabaki huko chini. Kila asubuhi namba ya Dadacha ililinganishwa na ya mwezi wa kwanza, ikakataliwa, na ile ya mwezi wa kwanza ikaandikwa upya. Juu ya ile mistari tisa kulikuwa na jina la mwandishi na tarehe, kama ilivyo desturi ya wahandisi.

"Umeona ni nani?" mzee akauliza.

"Ni mtambo, mzee," alisema. "Mtambo umekosea."

Dadacha alifunga daftari, akazungusha ule ukanda mara mbili. "Basi kesho uje uambie kamati. Mimi nikisema, wanaona ni uongo ya mwizi."

Mkurugenzi Abdighani alimsikiliza bila kumkatiza, jambo lisilo la kawaida.

"Ni visima vingapi?"

"Kumi na viwili."

Akavua miwani. "Rekebisha. Ripoti ya ukame inatoka Alhamisi, iende na namba za kweli. Huko Kambi Dima nenda, hiyo ni haki yao. Lakini mambo ya nani aliandika nini, Gatakaa, yaache. Mitambo hukosea, kila mtu anaelewa." Kisha, kwa upole usio wa kuigiza: "Uchunguzi ukiletwa hapa, hauanzi na mimi. Unaanza na wewe."

Gatakaa alirudi mezani akaiondoa kanuni. Ilimchukua dakika nne. Visima kumi na viwili vikageuka vyekundu kwa pamoja, vingi vikiwa upande wa kaskazini, na ramani ikawa kama ngozi ya mtoto mwenye surua. Aliandika orodha ya vile visima kumi na viwili, akaeleza kosa kwa aya moja, akamtumia mkurugenzi. Mahali pa chanzo aliandika "mtambo", akafuta, akaandika tena.

Kesho yake asubuhi gari la ofisi lilipita Ngaremara, ambako wanawake walikuwa tayari wamepanga magunia ya makaa kando ya lami, kisha likakata kulia na kuingia vumbini. Dadacha, kwenye kiti cha nyuma, aliliweka daftari magotini njia nzima.

Kambi Dima ilikuwa na nyumba kama hamsini, na tangi la mawe lililopasuka ubavuni. Mitungi ya njano ilikuwa imepangwa foleni mbele ya bomba bila wenyewe, kila mmoja na jiwe lake juu. Kamati ilikuwa imekaa kwenye kivuli cha nyumba ya pampu: watu saba, na katikati yao mwenyekiti, Zeinab, mwanamke mwenye mabega mapana, ufunguo umening'inia kwenye kifundo cha mkono.

Gatakaa alisimama akasema alichokuwa amekipanga garini. Kwamba mzee Dadacha alituma namba sahihi kila siku. Kwamba ushahidi upo. Kwamba mtambo ulizikataa na kurudia namba ya zamani, na sasa umerekebishwa.

Zeinab alimsikiliza hadi mwisho.

"Huyo mtambo ni nani?"

"Ni kompyuta, mama."

"Kompyuta ilizaliwa ikijua elfu kumi na nane?"

Mtu mmoja akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Hapana," Gatakaa alisema.

"Kuna mtu aliifunza."

"Ndiyo."

"Mimi nauliza huyo."

Upepo ulipita ukigonga bati la nyumba ya pampu. Dadacha alikuwa akitazama chini, si kwa aibu, bali kama mtu anayengoja mwingine amalize kusali. Gatakaa aligundua kwamba mzee alikuwa hajamtazama usoni tangu jana walipofunga daftari. Huenda alijua tangu pale.

"Ni mimi," alisema. "Mimi niliifunza. Elfu kumi na nane ni yangu."

Zeinab alimkagua kuanzia viatu. "Basi ungesema hivyo ukishuka kwa gari."

Hakuna aliyepaza sauti. Mwanamume mmoja aliuliza maji yatakuja lini. Gatakaa akasema malori yataanza kufuata orodha mpya Alhamisi. Kuhusu kuchimba, hajui, na hataki kudanganya. Mwingine alisema ndugu yake amekwisha kuhamia Burat na mbuzi waliobaki. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Zeinab alivua ufunguo akamnyooshea Dadacha. "Shika."

Dadacha hakunyoosha mkono. "Mliniita mwizi mbele ya watoto yangu. Mtasema hii ingine, kwamba mimi si mwizi, pia mbele yao?"

Kamati ilitazamana.

"Ijumaa," Zeinab akasema. "Baada ya swala. Nitasema mimi mwenyewe."

Ndipo Dadacha akauchukua.

Gatakaa alitoa simu. Mtandao ulikuwa kijistari kimoja. Alimwandikia mkurugenzi kwamba chanzo kwenye ile aya si mtambo. Aweke jina la Gatakaa. Ujumbe ulizunguka kwa muda mrefu, kisha ukaenda. Akaanza kuelekea garini.

"Hapana," Dadacha akasema nyuma yake. "Mgeni harudi hivyo. Twende kwangu."

"Nimekula, mzee."

"Kwangu hujakula."

Mkewe, Kabale, alikuwa amewatandikia mkeka mlangoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, asiyeuliza. Alileta sahani ya wali, akaiweka chini, kisha akaja na birika na beseni, akapiga magoti mbele ya mgeni. Gatakaa alinyoosha mikono. Maji yakaanguka juu ya vidole vyake, membamba, ya vuguvugu, naye akaikusanya mikono upesi.

"Imetosha, mama. Asante."

"Bado," Kabale alisema, akamimina tena, taratibu, kiganja kimoja kisha kingine, mpaka hata vumbi la kwenye kucha likatoka.

Kisha akaliinua beseni kwa mikono miwili, akilitazama lisiyumbe, akazunguka nalo nyuma ya nyumba. Huko mbuzi walikuwa wakilia. Wakanyamaza wote mara moja, na ikasikika sauti moja tu, ya kunywa.