Jeli Haina Shida

Khalayi alijaribu kufunga kifungo cha shingoni cha sare ya binti yake, akashindwa. Alikishika kwa kidole gumba na cha shahada, akasikia ngozi ikifunguka pale pale ilipokuwa imeanza kushikana usiku. Akajaribu kwa viungo vya vidole, mkono umekunjwa kama wa mtu anayebisha mlango. Kifungo kikamponyoka.

"Wacha tu, mama," Nekesa alisema. "Mwalimu atanifungia."

"Simama vizuri."

Aliinama, akakiuma kifungo kwa meno na kukivuta mpaka kikapita kwenye tundu lake. Mtoto alicheka kwa sababu pumzi ya mama yake ilimtekenya shingoni. Khalayi hakucheka.

Chini ya dirisha, mtaa wa Kiamaiko ulikuwa umeamka kitambo. Mbuzi walishushwa kutoka kwenye malori, na harufu yao ilipanda ngazi pamoja na sauti za madalali. Patrobas, mumewe, aliketi ukingoni mwa kitanda akivaa viatu vya kwenda kusimama kwenye malango ya viwanda, Industrial Area, kuona kama siku hiyo wangehitaji watu wa kubeba. Aliitazama mikono ya mkewe, akaendelea kufunga kamba.

"Si umwambie Wangeci akupatie off kidogo mikono ipone?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema Buruburu imejaa wasichana wanajua kupaka kucha."

Patrobas alivaa kiatu cha pili. Malango ya viwanda nayo yalijaa wanaume wanaojua kubeba.

Ilikuwa imeanza kama kuwashwa tu. Vidole viliwasha jioni, Khalayi akavikuna na kulala. Kisha ncha zikakauka, zikawa ngumu na za kung'aa, zikaanza kupasuka. Baadaye kucha zake mwenyewe zikaachana na nyama, weupe ukitoka nchani kurudi ndani, kama rangi inayobambuka ukutani mwa nyumba yenye unyevu. Abukar wa duka la dawa alizigeuza chini ya taa yake na kumwuliza anashika nini kazini.

"Jeli ya kucha."

"Basi acha kuishika," Abukar alisema, akamfungia mafuta kwenye gazeti.

Alisema kwa wema, kama anayemwambia mtu apunguze sukari kwenye chai.

Saluni ya Wangeci ilikuwa Buruburu, kwenye nyumba ambayo zamani ilijengewa familia ya mfanyakazi wa serikali. Sebule ilikuwa ya nywele, chumba cha kulia kilikuwa cha kucha, na jikoni ndiko wafanyakazi walikokula wakiwa wamesimama. Wangeci hakuwa mtu mbaya. Alimchukua Khalayi wakati wengine walitaka cheti cha chuo. Alimfundisha kwa mkono wake namna ya kusugua kucha kwa tupa mpaka mng'ao uishe, kupaka jeli, kuingiza vidole vya mteja chini ya taa ya zambarau ili ikauke, na baada ya wiki kadhaa kuilainisha kwa asetoni na kuikwangua. Nekesa alipolazwa kwa kichomi, Wangeci alikuja wodini na chupa ya uji. Khalayi hakusahau hilo. Wangeci naye hakumwacha asahau.

Siku za mwanzo jeli ilikuja katika vichupa vidogo vyenye maandishi. Kisha Wangeci akapata mtu wa kumletea kutoka mjini katika chupa kubwa zisizo na jina, rangi kali, na bei ambayo ilimfanya aimbe siku nzima. Ilinuka zaidi. Ile taa ya zamani ilichelewa kuikausha. Khalayi aliomba glavu.

"Kastoma akiona glavu atasema saluni iko na ugonjwa," Wangeci alijibu. "Funga plasta za rangi ya ngozi. Hakuna mtu ataona."

Na kila mteja mpya, akishawekwa kitini, aliuliza swali lile lile, mkono ukiwa tayari umenyooshwa: hii haitaharibu kucha zangu? Jibu lilikuwa moja. Wangeci alilifundisha siku ile ile aliyofundisha kushika tupa.

"Jeli haina shida. Shida ni ukiibandua mwenyewe."

Siku ya kile kifungo, Khalayi alikuta saluni imejaa. Ilikuwa Ijumaa, kulikuwa na arusi mtaani. Shiro, msichana wa kusuka, hakuwa hata na nafasi ya kumsalimia, alimwinulia tu nyusi. Khalayi alikaa, akavuta mkono wa kwanza, akaanza kusugua. Unga mweupe wa kucha za watu ulimwingia kwenye nyufa.

Kabla ya saa sita, Mourine aliingia.

Alikuwa mteja wa kudumu, msichana mwembamba kutoka Umoja aliyeuza manukato katika duka moja kubwa mjini. Hakupaka jeli kwa starehe. Msimamizi wake alitaka wasichana wote wa kaunta wawe na kucha za aina moja, zinazong'aa, kwa sababu mikono yao ndiyo mteja anayoiona kwanza. Walijilipia wenyewe. Leo Mourine alikuwa amefunga kitambaa mkono wa kulia, na hakungoja kuulizwa. Alikifungua mbele ya kaunta ya Wangeci.

Kucha zilikuwa zimekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mbili zilisimama zimeinuka, hazikushikwa na kitu isipokuwa shina. Chini ya kidole gumba kulikuwa na usaha, na ngozi yote ya pembeni ilikuwa imevimba na kubadilika rangi.

"Nimetolewa kaunta," Mourine alisema. Alizungumza polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno njiani. "Nimeambiwa nisirudi mpaka nifanane na wenzangu. Sasa nataka mniambie mlinipaka nini."

Mtu alizima mashine ya kukaushia nywele. Wanawake waliokuwa wakingoja waliinua macho kutoka kwenye simu zao.

"Pole, mrembo," Wangeci alisema. Alitoka nyuma ya kaunta, akamshika bega. "Hii ni ya kubandua na meno. Naionanga kila wiki."

"Sikubandua."

"Ama ni sabuni mnaosha nayo vyombo. Kucha ya mtu na ya mwingine si sawa. Hawa wote si unawaona? Kuna mwenye analia?" Akageuka. "Khalayi. Wewe ndio humpakanga. Mweleze."

Khalayi alikuwa ameshika mkono wa mwanamke mmoja aliyejiandaa kwenda arusini. Aliutazama ule mkono, kucha zake ngumu, za waridi, bado hazijaguswa na tupa. Akauweka chini juu ya taulo, taratibu.

"Mweleze, Khalayi. Jeli haina shida."

Akaanza kubandua plasta. Zilikuwa zimeshikana na ngozi na hazikutoka kwa urahisi, kwa hiyo ilichukua muda. Plasta alizipanga ukingoni mwa meza. Mourine alisogea, akauweka mkono wake hapo. Kisha akaiweka mikono yake yote miwili chini ya taa nyeupe ya mezani, akaisogeza mpaka karibu na ule wa Mourine.

"Mimi sijabandua na meno," alisema.

Mwanamke wa arusi aliuondoa mkono wake kwenye taulo na kuuficha mapajani.

"Khalayi," Wangeci alisema, sauti imeshuka. "Ingia jikoni tuongee."

"Tuongelee hapa, Madam."

"Nakuambia ingia jikoni."

"Hiyo chupa haina jina. Nani ameitengeneza? Iko na nini ndani? Niliomba glavu ukakataa. Niliomba taa mpya. Wale wa vichupa vya kwanza hawakuwa wanaumia hivi, na hata mimi sikuwa naumia."

"Kila saluni hapa Buruburu inatumia hiyo."

"Basi kila saluni iandike mlangoni."

Wangeci alitazama viti vyake. Wawili walikuwa wameshaanza kukusanya mikoba. Uso wake haukuwa na hasira bado. Ulikuwa na woga, na Khalayi aliuona, akajua ni woga wa kweli. Nyumba ile ilikuwa ya kupanga. Watu wa kaunti walikuja kila mara na jina jipya la leseni ya kulipiwa. Lakini woga ule haukubaki kwake, ukaenda kuangukia pale ulipozoea kuangukia, kwa mfanyakazi.

"Nilikutoa kwa mbuzi huko Kiamaiko," Wangeci alisema. "Mtoto wako akiwa hospitali ni nani alikuja? Sasa unanivua nguo mbele ya watu. Toka kwangu."

"Natoka. Lakini sisemi tena haina shida."

Alichukua sweta yake msumarini. Shiro alikuwa ameinamisha kichwa juu ya nywele za mtu, vidole vikienda mbio kuliko kawaida.

Kesho yake picha ilizunguka katika kikundi cha simu cha mtaa. Mtu mmoja alikuwa ameipiga picha mikono ile juu ya meza wakati watu wote wakitazama. Chini yake Wangeci aliandika kwamba mfanyakazi mmoja amegunduliwa na ugonjwa wa kuambukiza aliouficha, amefukuzwa kwa usalama wa wateja, vyombo vyote vimechemshwa, na wiki hii jeli ni nusu bei. Shiro ndiye aliyemtumia Khalayi, na neno moja tu: pole.

Jioni Mourine alipiga simu.

"Niambie ukweli. Ni wewe uliniambukiza?"

"Uliiona mikono yangu. Uliona ni kitu kimoja."

"Ndio. Ndio maana nauliza."

Mourine akakata simu.

Patrobas alikuwa amepata kazi siku hiyo na alirudi na unga na sukuma wiki. Alisonga ugali mwenyewe. Alisubiri mpaka Nekesa alipolala, ndipo akasema.

"Hii kitu iache. Wangeci ako na watu. Tafuta hata kufulia watu nguo, tukae."

"Na mikono gani?"

Patrobas aliichukua mikono ya mkewe, akaiweka mapajani mwake mwenyewe, juu ya suruali iliyojaa vumbi la saruji.

"Mimi huambiwa kila siku nitafute kingine," Khalayi alisema. "Wewe huambiwa hivyo langoni. Mourine ameambiwa hivyo. Nitaenda hadi mtu aseme ni nini ilifanya hivi."

Jumatatu alikwenda ofisi ya serikali ya mambo ya kazi. Afisa aliyeitwa Gichuru alimpa kiti, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa palipostahili. Alisema ana haki. Alisema sheria inamtambua mtu anayeumizwa na kazi. Kisha akasema kwamba Wangeci atakuja na wakili atakayesema huyu hakuwa mfanyakazi, alikuwa anajifunza tu, na ugonjwa alikuja nao.

"Nenda kwa daktari wa ngozi wa serikali. Apime, aandike ni jeli. Bila hiyo, mama, ni maneno yako na yake. Na yeye ana picha."

"Hiyo picha ni ya mikono yangu."

"Najua," Gichuru alisema, na kwa kweli alionekana kujua.

Hospitali kubwa ya umma ilikuwa na foleni iliyoanzia nje ya jengo. Khalayi alifika bado kuna baridi, akasogea na watu, kina mama na watoto mgongoni, kijana mwenye mguu wa bandeji, mzee aliyekohoa ndani ya kofia yake. Jua lilikuwa limepanda alipofika kwenye dirisha. Karani alikuwa kijana nadhifu, tai imenyooka, amekaa nyuma ya kioo chenye uwazi mdogo chini. Kwenye uwazi huo palikuwa na kidude cheusi chenye jicho la kioo.

"Kitambulisho. Asante. Weka kidole tuingize bima."

Akaweka. Taa ikawa nyekundu.

"Panguza, uweke tena."

Akapanguza kwenye sketi, ngozi ikakwaruzwa, akaweka. Nyekundu. Karani akamwambia ajaribu kingine, akajaribu kingine, kisha mkono wa pili. Kila kidole mashine ilikifikiria kidogo na kukikataa.

"Mashine haikuoni," karani alisema.

"Lakini niko hapa."

"Mimi nakuona. Mashine ndio haikuoni. Vidole vyako havina alama."

"Najua. Ndivyo nimekuja vitibiwe. Nataka kuona daktari wa ngozi."

"Kumwona daktari lazima mashine ikusome kwanza."

"Na isiponisoma?"

Karani alifikiri. Hakuwa mkali. Alitafuta kwa bidii katika yale aliyofunzwa, akapata.

"Enda nyumbani vipone. Vikishapona, urudi tukuingize."

Mwanamke mmoja nyuma alisema huyo asogee, watu wana watoto wagonjwa. Mwingine akasema asisogee, leo ni yeye, kesho ni nyinyi. Foleni ikaguna, ikajigawa.

"Sitoki," Khalayi alisema.

"Mama, nitaita askari."

"Mwite. Aje na yeye anione."

Karani alisema, "Anayefuata." Mzee wa kofia alisita, akamtazama Khalayi kama anayeomba radhi, kisha akapitisha mkono chini ya kwapa la Khalayi mpaka kwenye kidude. Taa ikawa kijani mara moja.

Khalayi hakumzuia. Wala hakusogea. Aliinua mikono yake yote miwili, akaibandika juu ya kioo kilichokuwa kati yake na karani, vidole vimetanuka, akaikandamiza mpaka maumivu yakampanda kwenye viwiko. Walikaa hivyo, yeye na kijana yule, huku nyuma buti za askari zikisikika zikija kwenye ukumbi bila haraka.

Alipoishusha, madoa kumi ya mviringo yalibaki kwenye kioo, mekundu kidogo katikati, laini, bila mstari hata mmoja. Karani alichukua kitambaa na kupangusa. Akapangusa tena, kwa nguvu zaidi. Alikuwa akipangusa upande wake wa kioo, si ule wenye madoa.