Nusu ya Uso wa Mama Povu

Mama Povu aligundua kwamba mkamwana wake hatumii sabuni ya nyumbani kwa kutazama kona za kipande.

Mtu mwingine asingeona kitu. Kila asubuhi kipande alichomwekea kilikuwa kimelowa kwenye kisahani chake pale kwenye beseni la ukumbini, kinateleza kama kawaida. Lakini yeye ametengeneza sabuni miaka thelathini na moja, na anajua kwamba sabuni ikisuguliwa hupoteza kona kwanza, kisha mgongo, mwisho inakonda katikati. Hiki kilikuwa na kona nne zile zile za siku alipokikata. Mtu alikuwa anakimwagia maji, basi. Badala ya sabuni kumwosha mke wa mwanawe, mke wa mwanawe ndiye aliyekuwa akiiosha sabuni, tena kwa siri na kwa adabu zote.

Ilimuuma, wala hakuna sababu ya kuficha. Jina lenyewe la Mama Povu alipewa na mtaa kwa ajili ya sabuni hiyo, na mwenyewe alikuwa amelizoea hata akiitwa jina lake la kuzaliwa anachelewa kuitika. Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa kiwanda: sufuria kubwa, mwiko wa mbao, kalibu za kumiminia sabuni ambazo marehemu mumewe alizichonga kwa mkono, na muhuri wa shaba wa kugongea kila kipande. Mwanawe wa pekee aliendesha lori la masafa marefu na alionekana nyumbani siku nne kwa mwezi. Viganja vya Mama Povu vilikuwa vimeanza kugoma kukoroga. Alikuwa amekata shauri kwamba mwaka huo muhuri utakwenda kwa mkamwana, fundi wa miwani, binti mwenye mikono mitulivu na macho makali. Sasa utamkabidhije mtu muhuri wa sabuni ambayo hataki imguse usoni?

Pembeni ya kisahani palikuwa na chupa. Alizihesabu: saba. Zilikuwa na maandishi ya viduara na vijiti, yamepangwa kama vyumba vidogo vidogo, na hakuna mtu mle ndani aliyeweza kuyasoma. Mama Povu alizigeuza moja moja, akazinusa, akazirudisha kama zilivyokuwa. Kisha akafanya jambo ambalo asingelikiri mbele ya mtu: alileta kigoda ukumbini, akachukua taulo zilizokwisha kukunjwa, akaanza kuzikunja upya.

Aliyoyaona kwa jicho la pembeni yalimtoa kijasho. Mkamwana alianza kwa kujipaka mafuta. Uso mkavu, haujaguswa na maji, anaupaka mafuta na kuuzungusha polepole kwa ncha za vidole. Mama Povu, ambaye maisha yake yote kazi ilikuwa kuyatoa mafuta kwenye ngozi za watu, alibana meno. Kisha yule binti akagusisha maji kidogo, mafuta yakageuka maziwa, akasuuza. Akaja na povu dogo la kutosha kijiko, akasuuza tena. Taulo hakusugua, aliligandamiza tu. Halafu akamimina kiganjani kitu chepesi kama maji, akajipigapiga mashavuni, akasimama kusubiri. Akaongeza kingine kizito kidogo, akasubiri. Kisha krimu, na mwisho mafuta ya kukinga jua, naye kazi yake ni ya ndani ya duka, mezani, chini ya taa.

Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia.

"Mwanangu, hapo unanawa au unapika?"

Mkamwana aligeuka, mashavu yanang'aa, akaona taulo zile zile za jana mapajani mwa mama mkwe wake. Akajua ameshikwa, na akajua na mwenzake ameshikwa. Wote wawili wakacheka, ingawa Mama Povu alijizuia upesi kwa sababu alikuwa na lake moyoni. Akanyoosha kidole kwenye kisahani.

"Naomba unisamehe, Mama," mkamwana alisema. "Niliitumia wiki ya kwanza nilipokuja. Iliniunguza. Ule wekundu niliosema ni jua, haukuwa jua. Niliona aibu kukwambia."

Mama Povu akamjibu kwamba sabuni lazima iume kidogo, ndivyo mtu anavyojua ametakata. Uso ukibana baada ya kunawa, uchafu umeondoka. Hivyo alifundishwa na mama yake, na hivyo alimlea mume wa huyu anayembishia. Mkamwana hakubisha. Alieleza tu, kwa upole wa watu wa dukani, kwamba hii njia ya Kikorea inakwenda kinyume. Kule uso ukibana ni dalili kwamba umenyang'anywa kitu chake. Taka za mafuta hutolewa kwa mafuta, za jasho hutolewa kwa povu laini, kisha ngozi hupewa maji kidogo kidogo, chepesi kabla ya kizito, kila tabaka likisubiriwa lizame. Wengi wetu tumezoea kungoja chunusi itoke ndipo tuishambulie kwa dawa kali. Wao wanaitunza ngozi isifike huko. Na si lazima chupa ziwe saba, alikiri. Zingine ni tamaa yake tu.

"Mteja akiwa na vumbi kwenye kioo cha miwani, akifuta kwa shati anakikwaruza," alisema. "Sisi tunasuuza kwanza. Uso nao ni hivyo hivyo."

Hasira ya Mama Povu ilikuwa bado ipo, ila udadisi uliipiga kumbo. Usiku ule alijilaza akifikiria mafuta yanayogeuka maziwa. Asubuhi akatoa shauri lake, naye akilitoa kwa sauti ya mtu anayeuza ng'ombe: uso wake ugawanywe. Kulia chupa, kushoto sabuni yake mwenyewe, wiki nne, bila mtu kudanganya. Kushoto kukishinda, chupa zitoke ukumbini. Kulia kukishinda, hapo hakumalizia sentensi, maana hakuwa amefika huko kwa mawazo.

Basi wakaanza. Kila asubuhi wanawake wawili walisimama mbele ya kioo kimoja, mmoja akijipaka uso mzima na mwingine akijipaka nusu, mkono wa kushoto ukiwa umewekwa puani kama ukuta. Kulikuwa na vituko. Siku ya kwanza Mama Povu aliuliza chupa ya nne ina nini, akaambiwa ute wa konokono, akairudisha mezani kwa ncha za vidole viwili na kusema yeye na konokono hawajafikia kiwango hicho cha ujamaa. Siku ya tisa mkamwana aliona chupa hiyo ya konokono imepungua, akajitia hamnazo. Kusubiri ndiko kulikomshinda zaidi Mama Povu. Alikuwa anataka kuvipaka vyote kwa mpigo aende zake, naye mkamwana akimshika kiganja na kumwambia angoje kidogo, hakijaingia.

"Kwani tunakimbizwa na nani?" alimuuliza siku moja. Mama Povu akafikiri, akakuta hakuna anayemkimbiza.

Upande wa kushoto aliuosha kama alivyouosha siku zote, kwa kipande cha sabuni ya nyumbani, akisugua mpaka ngozi ilie. Hakutaka mtu aje kusema aliionea.

Wiki ya nne ilipotimia, ilikuwa Jumamosi, mkamwana alileta kutoka dukani kioo kidogo cha kukuzia, kile wanachokibana jichoni kutafutia mikwaruzo. Akamkalisha mama mkwe wake dirishani kwenye mwanga wa asubuhi, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Mama Povu akamnyang'anya kioo, akachukua na kile cha mezani, akajitazama mwenyewe. Kulia ngozi ilikuwa imelala, laini, na mikunjo yake ya uzee imetulia mahali pake. Kushoto kulikuwa na magamba membamba meupe, na pembeni ya pua mistari myekundu ambayo alikuwa amekaa nayo miaka mingi akidhani ndivyo pua yake ilivyoumbwa.

Alikiweka kioo chini. Alisikia uchungu wa kweli, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyoijenga haina msingi. Miaka thelathini na moja.

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, mteja wa tangu enzi za kalibu ya kwanza, amefuata vipande vyake vinne. Mama Povu alimpa vipande bila kuinua macho, kisha akayainua, na alipoyainua yakaganda kwenye mashavu ya yule mwalimu. Yalikuwa laini. Hayana magamba, hayana mistari. Akamuuliza huwa anajiosha na nini. Mwalimu akashangaa swali lenyewe, akasema ni sabuni hiyo hiyo, mwili na uso, miaka ishirini na sita, na mafuta kidogo baadaye. Akaaga, akaenda zake na mfuko wake.

Mkamwana naye alikuwa amemwangalia. Jicho la fundi halipumziki.

"Mama, sabuni ya mwalimu na hii yetu ya ukumbini, zinatoka sufuria moja?"

"Sufuria moja. Kalibu moja."

"Na hii yetu, inatoka lini kwenye kalibu kuja hapa?"

Jibu lilikuwa jepesi sana, na Mama Povu hajawahi kuulizwa. Sabuni hukatwa siku ya pili. Vipande vilivyonyooka hugongwa muhuri na kupangwa rafuni wiki sita, vinageuzwa kila wiki, mpaka ukali wote uishe. Siku ya mwisho yeye mwenyewe hugusisha ulimi kwenye kipande kimoja cha kila safu. Kikichoma, safu nzima inarudi kungoja. Hakuna mteja aliyewahi kupewa sabuni isiyopita kwenye ulimi wake. Vipande vya pembeni, vilivyopinda, haviuziki. Hivyo huenda nyumbani siku ile ile ya kukatwa. Ndivyo mama yake alivyofanya: kizuri ni cha mteja, cha nyumbani ni kile kilichobaki. Na kwa kuwa haviuzwi, havikuwahi kuonjwa.

Aliinuka, akaenda chumba cha nyuma, akachukua kipande kutoka safu ya wiki ya sita. Akakigusisha ulimi. Kimya, ladha ya sabuni tu. Akarudi ukumbini, akachukua kile cha kisahani chake, kilichokatwa juzi, akakigusisha. Kilimchoma kama betri. Akatema kwenye beseni, akashika ukingo wake kwa mikono miwili.

Mkamwana alimsogezea kigoda. Mama Povu akakaa, kipande bado kiko mkononi.

"Baba mkwe wako alikuwa akijikuna kila jioni," alisema. "Hapa shingoni, na huku kwenye mikono. Namwambia hajatakata vizuri, arudi akaoge tena." Akakigeuza kipande kiganjani. "Alikuwa anarudi. Hakuwahi kunikatalia."

Mkamwana alipiga magoti, akachukua chupa ya kwanza, akamimina mafuta kiganjani, akaanza kuupaka ule upande wa kushoto, polepole, kwa ncha za vidole. Machozi yalichanganyika na mafuta, na mafuta yakaanza kugeuka maziwa kabla maji hayajaletwa. Mama Povu alimwacha. Baadaye, walipofika mahali pa kusubiri, alisubiri.

Uso ulipokauka aliuliza kama sabuni ya wiki sita ingemfaa mkamwana. Alijibiwa ukweli: ya mikono na mwili, angeipokea kwa furaha, usoni angebaki na chupa zake, maana sabuni hata ikikomaa haiachi kuwa sabuni. Mama Povu akaitikia kwa kichwa. Mwezi mmoja nyuma jibu hilo lingemkata maini. Akaenda chumba cha nyuma akarudi na muhuri wa shaba, akauweka mapajani mwa mkamwana wake.

"Hata kama usoni siitumii?"

"Uso ni wako, mwanangu. Ninachokupa ni muhuri."

Juu ya meza kulikuwa na sabuni ya juzi, bado laini kiasi cha kupokea alama. Vipande vilivyonyooka vilikuwa vimeshagongwa. Mkamwana akavuta kile cha pembeni, kilichopinda upande mmoja, akakiweka sawa, akakigandamiza muhuri kwa uzito wa mwili wake kama alivyoona ikifanywa. Alama ilitoka imeinama kidogo. Wakakipandisha rafu ya juu, mbele ya vya wateja wote, na Mama Povu akachukua penseli akaandika ukutani chini yake neno moja, Nyumbani, na tarehe ya siku watakayokionja.