Ruzuku kwa Mtoto Mmoja

Jumatatu asubuhi, katika wodi ya wazazi mjini Tabora, Eustadia alijifunua titi ili amnyonyeshe mwanawe mchanga, Justus. Watoto wake wawili wa kwanza wakamzuia. Marko na Bernadeta walikufa wakiwa wachanga, lakini hawakuacha kukua. Marko sasa alikuwa na umri wa kuanza shule, na sanda aliyozikwa nayo haikumfika magotini. Bernadeta aliziba titi la mama yake kwa kiganja.

"Usimpe, mama," alisema Marko. "Maziwa ndiyo yaliyotuua."

Muuguzi aliwaomba wasogee kidogo atandike shuka.

Dakta Flavia Masolwa, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo mwaka mmoja tu kabla ya hapo, alinusa nepi ya mtoto. Ilinukia sukari iliyoungua. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa nadra: mwili hushindwa kukivunja kitu kilichomo katika maziwa, kikageuka sumu na kuharibu ubongo. Yalihitajika maziwa maalumu ya unga kutoka nje na mashine ya kupimia damu. Tangu Eustadia alipokuja kliniki na mimba, akasimulia jinsi wanawe walivyonukia kabla ya kufa, Flavia alikuwa ameomba ruzuku ya watafiti vijana. Kamati ya ruzuku hiyo ilikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kwa treni.

Wakati wakiisubiri, alimlisha Justus maji ya sukari na uji mwepesi wa muhogo. Marko alisimamia kijiko. Mtoto alilia sana, kisha kilio kikapungua. Shingo ikaanza kukakamaa.

Kamati ilifika Alhamisi. Watoto wakawaamkia wajumbe.

"Marahaba, wanangu," aliitikia mwenyekiti, Ndugu Lugembe. "Daktari, hawa ndio wagonjwa wako?"

"Hawa wawili walikufa. Huyu bado yu hai. Maziwa yakiletwa kwa ndege wiki hii, tunaweza kumwahi."

Lugembe alichuchumaa mbele ya Bernadeta. "Wewe uliumwaje?"

"Kichwa. Halafu nikasahau kupumua."

"Pole sana," alisema, na alimaanisha. Akasimama. "Ushahidi wako hauna shaka, daktari. Lakini marehemu hatibiwi. Kwa hiyo amebaki mmoja. Malaria inamaliza vijiji. Nitawaambiaje wananchi kwamba ruzuku imekwenda kwa mtoto mmoja?"

"Wako wengine, ndugu mwenyekiti. Wanazikwa tukidhani ni malaria."

"Umewapima?"

"Siwezi kuwapima bila mashine."

"Basi wapime kwanza, ndipo uombe mashine. Tena wewe bado kijana, hujulikani. Tafuta profesa asimame nawe."

"Mtoto hatangoja profesa."

Justus alikuwa amejipinda kama upinde mikononi mwa mama yake, na wajumbe wote walikuwa wakimtazama.

"Wako wengi," alisema Bernadeta. "Tunacheza nao."

Mjumbe mmoja alifungua kalamu. "Nitajie majina yao."

"Wengine walikufa hawajapewa majina."

Mjumbe akafunga kalamu. Walimshukuru Eustadia kwa kuwapokea, wakaondoka kuwahi treni.

Justus alikufa Jumamosi, jua likiwa utosini. Marko alinyoosha mikono kumpokea.

"Mshike shingo," alisema Eustadia.

"Nimemshika, mama."

Akatoka naye nje, Bernadeta akifuata nyuma. Eustadia aliendelea kunyoosha mikono mpaka Flavia alipokuja kuishusha, akaketi kando yake.

Mwaka uliofuata Flavia aliomba tena, akajibiwa vilevile. Justus alikuwa ameanza kutembea. Alikuja kliniki ameshikwa mkono na dada yake, akaegemea magoti ya mama yao, aliyekuwa kwenye foleni ya wajawazito.