Vifaa vya Masikioni vya Mzee Tsofa

Kamaludin, fundi wa Mji wa Kale aliyemuuzia Kache vifaa vya kusikia, alivijaribu kwa kuviunganisha na simu ya Kache, maana babake, Mzee Tsofa, alikuwa ameisahau yake nyumbani. Balaa lilianzia hapo.

Kelele za winchi bandarini zilikuwa zimemharibu mzee masikio, na sasa vidude hivyo viwili vilimletea sauti ya simu moja kwa moja kwa Bluetooth. Alifurahi. Lakini kila Kache aliporudi nyumbani Mbaraki kutoka kazini, vifaa viliiacha simu ya mzee na kuikimbilia yake. Taarifa ya habari ikakatika katikati.

"Imekufa tena!"

"Haijafa, Baba. Imehamia kwangu."

"Basi irudishe!"

Kache akazima, akawasha, akaunganisha upya. Kesho yake yakawa yale yale. Kamaludin alipopigiwa alisema, "Subira, dada, vitazoeana." Vitazoeana, kana kwamba ni kuku wa mabanda mawili!

Jumatano, Kache akikuna nazi jikoni, kaka yake Kingi alimtumia ujumbe wa sauti. Akaubonyeza. Kimya. Akaongeza sauti, akaurudia, huku akiilaani simu. Kimya.

Sebuleni, mzee alivitoa vifaa akaviweka mezani.

"Kingi anasema nipelekwe Kaloleni kwa shangazi yenu," alisema kwa sauti kubwa. "Anasema wewe mwenyewe ulimwambia umechoka."

Uso ulimwiva Kache. Alikuwa ameyasema hayo kweli.

"Nimechoka na hivi vidude, Baba. Si na wewe."

"Ati?"

"Si na wewe!"

"Ati nini?"

Akapiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Mzee akageukia ukuta.

Kache alivifuta vile vifaa kwenye orodha ya Bluetooth ya simu yake, kisha akampigia Kingi: aje mwenyewe.

Kingi alikuja Jumamosi. Mzee akavaa vifaa vyake, akamwonyesha kiti.

"Sema sasa. Nakusikia."

Kingi akaanza na foleni ya Nyali, kisha akaja kwenye joto.

"Kaloleni siendi," mzee alisema. "Na dadako apumzike. Kila Ijumaa utakuja kulala hapa."

"Sawa, Baba."

Kache aliingia jikoni kupakua wali, akigonga masufuria. Kinyongo alikuwa nacho bado, kwa baba, kwa kaka, na kwa Kamaludin zaidi.