Dripu ya Ajok

Kipindupindu kilipofika Bwera, hospitali ilijaa wodi kwanza, kisha veranda, kisha mahema yaliyopigwa uani. Yafesi, mkulima wa Mahango, alimshusha mkewe Shallon mlimani kwa machela, lakini nesi Sylivia hakuwa na kitanda. Shallon akalazwa chini, kwenye godoro moja na Ajok, mke wa askari jeshi aitwaye Muhwezi.

"Dripu imeisha," Sylivia alisema kwa sauti iliyokauka. "Gari iko njiani kutoka Kasese. Munyweshe maji ya chumvi na sukari."

Shallon aliyatapika yote. Macho yake yalikuwa yamezama, vidole vimenyauka.

Gari lilipoingia getini, watu hawakungoja lisimame. Waliliparamia, wakayapasua makatoni, wakakanyagana. Yafesi alimsukuma mzee mmoja, akamvuta mwanamke kwa nywele, mkono wake ukanasa mfuko mmoja wa dripu. Aliukumbatia. Papo hapo kitako cha bunduki kikamshukia mdomoni.

"Lete hapa, wewe raia!" Muhwezi alifoka.

"Afande, muke yangu iko anakufa!" Yafesi alitema meno.

"Na yangu je?"

Kitako kilishuka tena, mbavuni. Yafesi akaachia.

Alirudi hemani akitambaa. Dripu ilikuwa inamwingia Ajok. Ubavuni mwake, Shallon alikuwa amekwisha kata roho. Yafesi hakulia. Alishika mrija, akaung'oa. Damu ikaruka shukani. Muhwezi akamvamia, wakabingirika juu ya wagonjwa na ndoo za matapishi. Yafesi alimng'ata sikio, hakuachia hata aliposikia nyama inachanika. Bunduki ikalia, risasi ikatoboa paa la hema.

"Mutaniulia wagonjwa!" Sylivia alipiga kelele, huku akiurudisha mrija.

Polisi walimfunga Yafesi mikono nyuma. Wahudumu walikuwa wameshaanza kumviringisha Shallon kwa plastiki, na walimwambia Yafesi hataruhusiwa kuchukua maiti ya kipindupindu.

Ajok akageuza kichwa. "Alikuwa anaita jina yako," alisema kwa shida. "Nilimushika mukono."

Yafesi alitaka kumwomba radhi. Mdomo uliovimba haukufunguka. Polisi wakamsukuma nje, wakamtupa nyuma ya pikapu, naye Shallon akazikwa jioni ile na watu ambao hawakulijua hata jina lake.