Mheshimiwa Ameridhika

Mke wangu Nekoye hakukaa nyumbani akiugua. Naanza na hilo kwa sababu huku Endebess mtu akinisalimia siku hizi, naona kuna swali amelishikilia mdomoni.

Tumbo lilimshika usiku. Kulipopambazuka tayari nilikuwa nimempakia kwa pikipiki ya jirani, mimi nyuma nikimshikilia asianguke, tukashuka Kitale. Tulifika geti la hospitali ya serikali watu wa zamu ya usiku wakiwa bado wanatoka. Ndani akaambiwa aweke kidole kwa kile kimashine cha bima. Kimashine kikakataa. Akaambiwa aende akae kwa benchi, mtambo umelala, ukiamka ataitwa.

Tukakaa. Nilienda dirishani, nikaenda kwa muuguzi, nikaenda kwa daktari mmoja aliyekuwa anatembea na simu sikioni. Kila mmoja alinirudisha kwa benchi. Nekoye mwenyewe akaniambia niache kusumbua watu, watatukasirikia. Mtambo uliamka jioni, jua likiwa limeshageukia upande wa mlima, na karatasi yake ikaandikwa saa hiyo, kama kwamba ndiyo kwanza tumeingia. Walipokuja kumwinua alikuwa ameshaacha kunijibu.

Mheshimiwa Derrick Wakoli alikuja matangani na vipaza sauti vyake mwenyewe. Ni mtu wa upinzani, na sisi tulimpenda kwa huo mdomo. Waziri akisimama bungeni na Wakoli yuko, ilikuwa kama kuona mtu ameingia boma lenye mbwa. Tulikuwa tunamtazama kwa runinga dukani kwa Kiplangat na kucheka mpaka soda inatoka puani. Sasa siku hiyo alisimama karibu na jeneza la mke wangu, akaweka mkono juu yake, akasema, "Huyu mama hatazikwa na hili swali. Mimi nitambeba mpaka bunge, na waziri atamjibu kwa jina."

Watu walilia. Na mimi nililia, tena kwa shukrani.

Siku ya kunyoa nywele wazee wa pande zote mbili walikaa, kama ilivyo kwetu, kuuliza kifo kimetoka wapi. Shemeji yangu Wekoye, kaka mkubwa wa Nekoye, alikuja na watu wake kutoka Chwele, kule Bungoma. Aliuliza kwa upole tu. Kama mlifika asubuhi, mbona karatasi inasema ni jioni? Nikaeleza mambo ya mtambo. Wakatazamana. Mtambo gani huo unalala mchana kutwa na mtu anakufa? Nikaona hawaniamini. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameketi na wanawake nyuma ya nyumba, akatuma neno kwamba Nabwile ataenda naye. Nabwile ni binti yetu, ndiyo ameingia darasa la pili, na hatuna mwingine. Neno lenyewe lilikuwa hivi: mtoto atakaa Chwele mpaka ijulikane ni nini kilimuua mama yake.

Hapo ndipo nilisema lile jambo. Nikasimama mbele ya wazee nikawaambia wasibishane na mimi, serikali itaulizwa bungeni, na jibu watalisikia kwa masikio yao. Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakasema hayo ni maneno ya mtu mzima. Hakuna aliyenishauri. Ni mimi nilichukua kesi ya nyumbani, ambayo wazee wangeimaliza kwa siku moja, nikaipeleka Nairobi.

Wakoli alianza vizuri, siwezi kukataa. Alinichukua kwa gari lake mpaka hospitali, tukaongea na askari wa geti, na yule askari akasema mbele yetu wote wawili, "Huyu mzee nilimfungulia mimi, na hata chai ya asubuhi nilikuwa sijakunywa. Huyo mama alikuwa anatembea kwa miguu yake." Mheshimiwa akanipiga bega. Akasema hiyo inatosha kumkalisha waziri chini. Kwa hivyo asije mtu akaniambia hakujua. Alijua, bana. Alisikia na mimi nikiwa hapo.

Baadaye chama chake kikaanza kukaa na serikali. Wao waliita maelewano. Jirani yangu Jeruto, ambaye huniletea maziwa tangu niwe peke yangu, alinionya kwamba huyo wangu ameonekana akicheka na wale aliokuwa akiwatukana. Nikamwambia siasa si maziwa, haiharibiki kwa siku moja. Akaniambia mimi ndiye ninaongea kama mtu aliyepigwa na jua. Nilikuwa nalala nikiamini. Ungekuwa mimi, na mtoto wako yuko mbali, ungeamini nini?

Simu ya Wakoli ikaja. Swali ni Jumatano mchana, kaa karibu na runinga, mzee.

Nikanyoa ndevu, nikavaa koti la harusi, nikaenda Chwele. Wekoye alikuwa ameita wazee walewale na majirani pia, sebule ikajaa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, wala hawatazamani, ndiyo heshima. Kwa hivyo yeye alikaa jikoni na mlango ukaachwa wazi kidogo ili asikie. Nabwile alikuwa anapita kati yetu. Alinibebea chai kutoka kwa nyanya yake, na nikajua hiyo chai ilikuwa na maana. Begi lake la shule lilikuwa limefungwa, liko kando ya kochi. Hakuna aliyeniambia ni la nini, lakini niliona.

Watu walikuwa na furaha. Mzee mmoja aliuliza mbona huyo Spika amevaa kama askofu, na sadaka itapitishwa saa ngapi. Wekoye akanichokoza mbele ya wote, "Shemeji, wewe sasa ni mtu wa kutetewa na bunge zima. Kesho hata salamu zetu utazipokea kwa barua." Tukacheka. Nilicheka na mimi, mara ya kwanza tangu mazishi.

Wakoli akasimama. Aliuliza sawasawa, sauti ile ile. Alimtaja Nekoye kwa jina lake lote, na jikoni sufuria zikanyamaza. Nabwile alikuja akaegemea goti langu.

Waziri akasoma kwenye karatasi. Alisema wizara imechunguza. Mtambo ulikuwa unafanya kazi siku hiyo. Mgonjwa alifikishwa hospitali jioni akiwa hajiwezi, baada ya mume wake, Bwana Wepukhulu, kukaa naye nyumbani siku kadhaa akimpa dawa za mitishamba. Akatoa pole kwa familia.

Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wanamtazama Wakoli, na mimi pia, kwa sababu tulimjua. Nilikuwa nangoja amrukie. Askari wa geti yuko kwa ulimi wake, si atamtoa tu? Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Bwana Spika," akasema, "namshukuru waziri kwa jibu la kina. Nimeridhika. Ningeomba tu wizara iwaelimishe watu wetu waache tabia ya kukaa na wagonjwa nyumbani."

Waziri akamwinamia kichwa kidogo. Halafu Spika akaita swali la mtu mwingine, la visima.

Wekoye alizima runinga. Nilianza kueleza mambo ya askari, maneno yakagongana, hata mimi nikajisikia kama mwongo. Nilikuwa bado naongea wakati mlango wa jikoni ulifunguka na mama mkwe akaingia. Aliingia na mimi nikiwa nimekaa. Wazee walishtuka, mmoja akainuka kana kwamba atamzuia. Alipita katikati yao, akasimama mbele yangu, akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimwoe binti yake. Mimi nilitazama chini. Yeye alikuwa ameshamaliza na mimi, lakini mimi bado nilikuwa mkwe.

"Ni mitishamba gani ulimpa mtoto wangu?"

Nikasema, nikiongea na sakafu, kwamba sikumpa chochote. Kwamba tulifika asubuhi.

"Hata mtu wako aliyekuja kukutetea amesema ameridhika," akasema. Halafu akamshika Nabwile mkono, wakarudi jikoni, na mlango ukafungwa vizuri.

Jumamosi nilimfuata Wakoli ofisini kwake Kitale. Nilikuwa nimepitia hospitalini kwanza kumtafuta yule askari, nikaambiwa amehamishwa, hakuna anayejua ni wapi. Mheshimiwa alinipokea vizuri. Aliniletea kiti yeye mwenyewe. Akasema kule juu kuna mambo ambayo mimi siwezi kuyaona nikiwa huku, ati tunapata lami, tunapata chuo, na ukitaka kupata lazima ujue wapi pa kunyamaza. Akasema niwe na moyo mkubwa. Nikamwambia sikuja kwa lami. Nikamwomba jambo moja, aje Chwele, hata bila vipaza sauti, aketi na mama mmoja mzee amwambie alichosikia getini. Akishasema hivyo mtoto wangu atarudi nyumbani, na mimi sitamsumbua tena.

Alifikiria. Kwa kweli alifikiria, nilimwona.

"Mzee, mimi kazi yangu ni kuuliza," akasema. "Jibu ni la waziri. Na limeshaandikwa kule bungeni. Nikienda kusema lingine kwa nyumba ya mtu, nitakuwa nimejiita mwongo."

Nikamuuliza, na mimi je, nimeitwa nani. Simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea, na kijana wa ofisi akaja kuniambia kwamba kuna wageni wengine wanangoja hicho kiti.

Kura zikija atarudi huku, na watampa kuku, najua. Kiplangat ameshaanza kusema kwamba lami ni lami.

Wiki iliyofuata Wekoye alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona haya. Akasema mtoto amelia anataka kuongea na baba yake, na nyanya yake ameenda sokoni, kwa hivyo niongee haraka. Akampa simu. Nabwile aliniambia ameanza shule mpya, na mwalimu wake ana gari. Akaniuliza ng'ombe amezaa ama bado. Kisha akashusha sauti.

"Baba, ni ukweli ulikaa na mama nyumbani mpaka akaisha?"

Nikasema hapana. Nikasema nilimpeleka mapema, tulifika asubuhi, tukakaa kwa benchi, mtambo ulikuwa umelala.

"Mtambo gani?" akauliza.

Nikaanza kumweleza kile kimashine, kidole kinawekwa wapi, taa gani inawaka kikikubali. Nilieleza sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, na nilipomaliza akasema, "Sawa, baba," kwa sauti ya mtu mzima.