Mfalme wa Leicester na Mtoto wa Béata

Mwalimu Kambere alitoka bafuni mbio, nusu ya ndevu imenyolewa, nusu nyingine bado imejaa sabuni, redio ndogo mkononi.

"Apolline! Wamemupata! Wamemutambua kwa njia ya mama!"

Mke wake alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya mihogo. "Wamepata nani?"

"Mfalme wa Waingereza. Alikufa vitani mwaka 1485. Mifupa yake ilikuwa chini ya parkingi ya magari, muji wa Leicester!"

"Pole kwa jamaa yake," alisema Apolline, akaendelea kutwanga.

Watu wa mtaa wa Mapendo, mjini Goma, walimjua Kambere. Alifundisha biolojia kwenye shule ya sekondari, na alikuwa mtu asiyekimbia ila pale risasi zinapolia. Lakini asubuhi ile ya Februari 2013 alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imelala chumba cha pili.

Msichana huyo aliitwa Bénie. Apolline alimwona kambini Mugunga, akina mama wa parokia walipokuwa wakiwagawia nguo watu waliokimbia vita vya Rutshuru. Alimtazama paji la uso, akaangusha mzigo wa nguo. Béata mtupu! Béata, mdogo wake, alipigwa risasi kwenye barabara ya Sake wakati Goma ilipoanguka mwaka 1996. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwake hakuonekana tena, awe hai au maiti. Na Bénie aliokotwa kwenye barabara hiyo hiyo, vita hivyo hivyo, akiwa bado hajui kusimama. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu. Kwa Apolline, hayo yalitosha: siku ile ile alimleta nyumbani na kumtandikia kitanda.

Kambere hakumfukuza. Ila alimwita "mademoiselle", kama mgeni wa ofisini. Barabara ile ilipitwa na maelfu ya watu, na paji la uso si ushahidi. Béata amekufa, mume wake amekufa. Apimwe pamoja na nani?

"Na wewe!" alisema sasa, povu la sabuni likimdondoka shingoni. "Sikiliza. Kuna ADN, ile wengine wanaita DNA, ambayo mtoto anapewa na mama peke yake. Mama naye alipewa na mama yake. Kwa hiyo wewe na Béata muko nayo moja. Yule mfalme wamemulinganisha na mutu wa leo, seremala, aliyetoka kwa dada ya mfalme, mama kwa mama, vizazi kumi na saba! Sisi tuko na kizazi kimoja tu!"

Mchi ukasimama.

"Kambere. Mutoto si simu, upime kama iko original. Uliowa mutu ao uliowa labo?"

"Si matusi, Apolline. Ungejua huo muji!"

Akavuta kigoda. Leicester, alieleza, ulikuwa mji wa kufuma soksi. Mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa Uganda, wakubwa wa mji walitoa tangazo kwenye gazeti la Kampala kwenyewe: msije kwetu, hakuna nafasi. Wakimbizi wakaenda vilevile, wakafungua maduka na viwanda, na leo mji unajivunia watu wale wale uliowakataa. Na ni katika chuo kikuu cha hapo, mwaka 1984, ambapo mtaalamu mmoja alitazama picha iliyotoka labo, yaani maabara, akaona kwamba kila mtu ana alama zake na kila mtoto amebeba za wazazi wake.

"Sasa uliza kazi ya kwanza ya kipimo hicho ilikuwa gani."

"Kukamata wezi."

"Hapana! Kulikuwa na kijana mwenye asili ya Ghana, anarudi Uingereza kwa mama yake. Wakubwa wa mipaka wakasema, huyu si mtoto wake, ni wa mutu mwingine. Wakapima. Ni wake! Serikali ikakubali, mama akabaki na mutoto. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza."

Apolline alifuta mikono kwenye kitenge, polepole.

"Na kama ingesema hapana?"

Jibu lilitoka mlangoni, alikokuwa amesimama Bénie, shuka mabegani.

"Mama Apolline, nipimeni."

"Rudi ulale, mutoto wangu."

"Kule Kiwanja, Rutshuru, jamaa moja pia waliniita mutoto wao. Miaka ine. Siku mutoto wao wa kweli alirudi, walisema macho iliwadanganya. Sitaki tena mutu anipende kwa macho."

Kulikuwa na shirika lililotafuta jamaa waliopotezana vitani. Daktari wake aliwasugua Apolline na Bénie mashavu kwa ndani, akapeleka mate yao Ulaya. Wiki zikapita. Apolline aliunguza maharagwe, akaweka sukari kwenye samaki. Kambere alijifanya mtulivu, lakini wanafunzi wake walishangaa: hata somo la mihogo liliishia kwenye ADN.

Simu ililia Aprili, wakiwa mezani wote watatu. Kambere akaweka sauti kubwa.

"Zinafanana," alisema daktari. "Kila sehemu tuliyosoma. Na ni aina adimu; katika watu wote tuliopima huku hatujaikuta kwa mwingine."

Apolline alipiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Kambere aliinua mkono.

"Ngojeni! Hii inasema ukoo wa mama ni mmoja. Haisemi Béata. Anaweza kuwa mtoto wa dada yenu mwingine..."

"Tulizaliwa wasichana wawili tu."

"Basi wa mama yenu mudogo."

"Mama hakukuwa na dada, unajua vizuri."

"Basi..." Alitazama dari. Alitafuta mlango mwingine wa kutokea, akakosa. Akaanza kucheka, machozi yakimtoka, mwanamume ambaye hakulia hata lava ya volkano ilipochukua nyumba yake. "Basi ni Béata! Hakuna njia nyingine. Ni Béata!"

Bénie alishika mkono wa Apolline kwa mikono yote miwili.

"Mama mukubwa, mama yangu alikuwa ananiita nani?"

Apolline, aliyekuwa amesema kila kitu tangu Mugunga, jina hilo hakuwa amelitamka hata mara moja. Alikuwa ameogopa kulivisha mtu asiye wake.

"Masika," alisema. "Kwetu, musichana wa kwanza anaitwa vile. Mama yako alikuwa anaita kwa sauti kubwa, utadhani uko mbali."

"Ita vile alikuwa anaita."

Apolline akavuta pumzi, akaita.